Dawa ya ukungu kutokana na mimea: kutengeneza, kupima na kupulizia

Mimea hujitengenezea kemikali za kujikinga na ukungu, na nyingi kati ya hizo zinaweza kutolewa kwa maji, spiriti au mafuta zikatumika kulinda mazao. Hilo halina ubishi. Kinachowaangusha wengi ni kudhani kwamba ukishaujua mmea unaofaa, kazi imekwisha. Kitunguu saumu hichohicho kinaweza kuzuia ubwiri unga katika shamba moja na kisifanye lolote katika shamba la pili, kwa sababu huko kilichemshwa, kikalazwa siku tatu, kisha kikapuliziwa saa sita mchana juu ya majani tu, tena ugonjwa ukiwa umeshatapakaa.

Karibu dawa zote zinazoelezwa hapa hufanya kazi pale zilipogusa. Haziingii ndani ya mmea na kusambaa, haziponyi doa lililokwisha kuonekana, jua huziharibu na mvua huziosha. Kazi yake ni kuzuia mbegu za ukungu zilizotua juu ya jani zisichipue. Ukilishika hilo, hatua nyingine zote zitaeleweka zilivyo na kwa nini.

## Kwanza hakikisha ni ukungu

Mara nyingi dawa huonekana kushindwa kwa sababu ugonjwa wenyewe haukuwa wa ukungu. Nyanya inayonyauka ghafla majani yakiwa bado ya kijani huenda ina mnyauko bakteria. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa sentimita 5 hivi, ukishikize kwenye glasi ya maji safi ili ncha moja tu iguse maji, kisha usikitikise. Ikiwa baada ya dakika chache ute mweupe unashuka taratibu kama uzi kutoka kwenye kipande hicho, ni bakteria. Dawa ya ukungu haitasaidia. Ng'oa mmea pamoja na udongo ulioshika mizizi. Majani yaliyokunjamana na kuchanganyika rangi ya njano na kijani mara nyingi yana virusi, nayo pia hayahusiki hapa.

Kwa madoa ya majani, chukua majani matatu yenye doa changa, yaweke kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambaa kibichi, ufunge na kuulaza usiku mmoja mahali pa baridi kiasi. Asubuhi angalia ukingo wa doa upande wa chini wa jani. Utando mwembamba mweupe ulioota ukingoni mwa doa kwenye nyanya au viazi ni dalili kubwa ya bakajani chelewa.

Magonjwa hayalingani kwa urahisi wa kuzuiwa. Ubwiri unga, ule unga mweupe unaofutika kwa kidole, ndio unaoitikia dawa za mimea kuliko yote, kwa kuwa nyuzi zake nyingi huishi juu ya jani na ni vijimizizi vyake tu vinavyoingia kwenye tabaka la nje. Dawa inaugusa mwili wake moja kwa moja. Kutu huishi ndani ya jani na kutoa vipele vya unga wa rangi ya chungwa au kahawia. Hapo dawa huzuia maambukizi mapya tu. Bakajani tangulia huanza na majani ya chini yaliyozeeka, madoa yakiwa na mizingo ndani ya mizingo, nayo huzuilika ukiwahi. Bakajani chelewa na ubwiri chini ni wagumu zaidi. Viumbe vinavyosababisha magonjwa hayo si kuvu wa kweli: kuta za seli zake zina selulosi, kama za mimea, badala ya kitini kinachojenga kuta za kuvu, na katika hali ya hewa ya baridi na unyevu huenea kwa siku chache tu. Mnyauko fuzari hukaa ndani ya mirija ya maji ya mmea. Ukipasua shina utaona mistari ya kahawia, na hakuna dawa ya kupulizia majani itakayofika huko.

## Kemikali zipi, na zitolewe kwa nini

Kitunguu saumu kizima hakina dawa unayoitafuta. Kina aliini, na katika sehemu nyingine ya seli kina kimeng'enya kiitwacho aliinasi. Ukikiponda, viwili hivyo hukutana na alisini hutengenezwa, ile yenye harufu kali, ambayo hushambulia protini za ukungu. Joto huua kimeng'enya. Ndiyo maana anayechemsha vitunguu vizima kisha akavisaga hupata maji yenye harufu ya mchuzi na nguvu kidogo sana. Ponda kwanza, kikiwa kibichi, kisha kipe muda. Alisini yenyewe haidumu, kwa hiyo dawa ya leo ni ya leo.

Karafuu na baadhi ya aina za kivumbasi zina eujenoli. Zaatari ina timoli na kavakroli, mdalasini una sinamaldehidi, na mchaichai una sitrali. Hizi hupenya utando wa seli ya ukungu na kuuvujisha. Haziyeyuki vizuri katika maji, hivyo kuloweka karafuu kwenye ndoo ya maji baridi ni kuacha sehemu kubwa ya dawa kwenye makapi. Zinataka spiriti, au mafuta yaliyokamuliwa kwa mvuke.

Mbegu za mwarobaini huchanganya watu. Azadirakitini, kemikali yake maarufu, ni ya wadudu zaidi kuliko ukungu. Kinachosaidia dhidi ya ubwiri unga na kutu ni mafuta yenyewe, yanayofunika jani na kuzuia mbegu za ukungu kuchipua. Kwa hiyo maji yaliyolowekwa mbegu za mwarobaini yanaweza kukupunguzia wadudu vizuri huku ukungu ukiendelea.

Kuna pia mimea inayoamsha kinga ya zao lenyewe. Dawa inayotokana na Reynoutria sachalinensis, mmea mkubwa wa Asia Mashariki, ni mfano unaojulikana: zao likipuliziwa kabla ya ugonjwa huanza kutengeneza kemikali zake za kujilinda. Ikija baada ya ugonjwa, imechelewa.

Mimea ya kuepuka kabisa: tumbaku, mranaha na mbegu za mbarika. Zote ni sumu kali kwa mtu, na tumbaku inaweza pia kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya, pilipili na biringanya. Hakuna sababu ya kuingiza hatari hiyo kwenye mboga kwa faida ndogo au isiyokuwepo.

## Kuandaa malighafi na vyombo

Chuma majani mazima, yasiyo na madoa, asubuhi umande ukishakauka. Kama hutayatumia siku hiyo, yaanike kivulini penye hewa, yakiwa yametandazwa tabaka moja, hadi yavunjike ukiyafinya. Kwa kawaida huchukua siku 3 hadi 7. Jua kali hupeperusha mafuta yenye harufu na kuharibu kemikali nyingine. Majani yaliyokauka nje lakini laini kwenye vikonyo yataota ukungu ndani ya chombo, na hapo utakuwa unatengeneza dawa ya ukungu kwa malighafi yenye ukungu.

Majani mabichi mengi yana maji asilimia 70 hadi 80. Kilo 1 ya mabichi hubaki takribani gramu 200 hadi 300 ikikauka. Kumbuka hilo unapobadilisha maelekezo ya majani mabichi kuwa ya makavu. Ukiweka uzito uleule, dawa itakuwa kali mara tatu hadi tano na inaweza kuunguza zao.

Tumia ndoo za plastiki, glasi au chuma kisichoshika kutu. Taninu za mimea huungana na chuma cha kawaida na kugeuza dawa kuwa nyeusi. Maji ya mvua ndiyo bora zaidi. Maji magumu, yale yanayokataa povu la sabuni, hugandisha sabuni na kuacha mabonge yanayoziba nozeli. Maji yenye magadi mengi nayo huharibu baadhi ya kemikali. Kama una karatasi za kupima, lenga pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya 5.5 hadi 6.5.

Sabuni iwe ya maji, laini, isiyo na manukato wala dawa ya kung'arisha nguo. Kazi yake ni kufanya matone yatandae juu ya jani badala ya kuviringika na kuanguka, jambo la lazima kwenye kabichi na vitunguu ambavyo majani yake yana nta. Mililita 1 hadi 2 kwa lita zinatosha. Ukizidisha, sabuni yenyewe huyeyusha nta ya jani na kuliunguza, kisha lawama huangukia mmea uliotoa dawa.

## Dawa tano na vipimo vyake

Kitunguu saumu. Hii ndiyo tunayoshauri mtu aanze nayo.

1. Pima gramu 100 za punje zilizomenywa.
2. Twanga au saga hadi ziwe uji laini. Vipande vikubwa hutoa alisini kidogo.
3. Funika, acha dakika 10 hadi 15 bila kuongeza maji.
4. Ongeza lita 1 ya maji ya baridi, koroga, acha dakika 30 hadi 60.
5. Kamua kwa kitambaa safi cha pamba, kisha chuja tena kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne.

Sasa una dawa ya asilimia 10. Kwa mimea mikubwa, sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 4 za maji hukupa asilimia 2. Kwa miche, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji. Weka sabuni mwishoni. Pulizia siku hiyohiyo. Hufaa kwa ubwiri unga, bakajani tangulia na ukungu wa kijivu kwenye maua na matunda laini.

Mafuta ya mwarobaini. Kipimo ni mililita 5 kwa lita 1 ya maji, na kisizidi 10. Changanya sabuni kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu, mimina mafuta kidogokidogo huku unakoroga kwa nguvu mpaka mchanganyiko uwe mweupe wote, kisha ongeza maji yaliyobaki. Ukimwaga mafuta kwanza yataelea, na bomba litapulizia maji mwanzoni na mafuta matupu mwishoni. Mistari ya majani yaliyoungua mwisho wa tuta hutokana na hilo. Mafuta haya huganda kukiwa na baridi, basi loweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kupima. Yatumie ndani ya saa 8. Usipulizie joto likizidi nyuzi 30, wala wiki mbili kabla au baada ya kupulizia salfa, kwa kuwa mafuta na salfa pamoja huunguza majani.

Majani ya mpapai. Kilo 1 ya majani mabichi yaliyokatwakatwa vizuri, lita 1 ya maji. Tikisa au ponda kwa nguvu, kamua kwa kitambaa, kisha ongeza lita 4 za maji yenye sabuni. Hutumika zaidi kwa kutu na ubwiri unga. Vaa glavu: utomvu wa mpapai huwasha ngozi na ni mbaya machoni.

Dawa ya spiriti kwa karafuu, kivumbasi, zaatari au mchaichai. Weka gramu 100 za unga mkavu kwenye chupa ya rangi nyeusi au iliyofunikwa, mimina mililita 500 za ethanoli ya asilimia 70, funga. Tikisa mara mbili au tatu kwa siku kwa saa 48 hadi 72. Chuja, andika jina na tarehe, hifadhi gizani. Dawa hii inadumu kuliko zote za hapa. Kwa majani ya kivumbasi, zaatari na mchaichai, tumia mililita 10 hadi 20 kwa lita 1 ya maji. Kwa karafuu anza na 5, maana ina nguvu nyingi zaidi. Usitumie spiriti ya kuchomea yenye methanoli, ambayo ni sumu, na usipashe chupa moto kamwe. Mvuke wa spiriti hushika moto kwa urahisi.

Kama una mafuta halisi yaliyokamuliwa kwa mvuke, kipimo ni kidogo sana: mililita 0.5 hadi 1 kwa lita, yakichanganywa kwanza na sabuni. Mafuta ya karafuu kwa kipimo kikubwa huua magugu, yaani hutumika kama kiuagugu. Anayemimina "kidogo zaidi ili yafanye kazi" anaelekea huko.

Equisetum. Huu ni mmea usio na maua, wenye mashina yenye viungo na silika nyingi, na Umoja wa Ulaya uliuidhinisha mwaka 2014 kutumika dhidi ya ukungu wa majani. Loweka gramu 200 za mashina makavu kwenye lita 10 za maji kwa dakika 30, chemsha dakika 45, acha ipoe, chuja, kisha zimua mara 10. Angalia tofauti yake na kitunguu saumu: hapa kuchemsha kunahitajika, kule kunaua dawa. Ndiyo sababu hakuna kanuni moja ya "kuchemsha majani" inayofaa kila mmea.

Jiepushe na kuchanganya yote matano kwenye ndoo moja. Hutajua kipi kilisaidia, kipi kiliunguza, na taninu za mmea mmoja zinaweza kugandisha protini za mwingine zikaziba nozeli.

## Hesabu ya kuzimua

Dawa ya asilimia 10 maana yake gramu 100 za malighafi kwa lita 1. Kupata kiasi cha dawa cha kuweka kwenye bomba, zidisha asilimia unayotaka kwa ujazo wa bomba, kisha gawanya kwa asilimia uliyonayo. Bomba la lita 16, unataka asilimia 2, una dawa ya asilimia 10: 2 × 16 ÷ 10 = lita 3.2 za dawa na lita 12.8 za maji. Sabuni hupimwa kwa lita zote 16, si kwa dawa pekee.

Ujazo wa kutumia shambani usiukisie. Jaza bomba maji matupu, pulizia mita 100 za mraba kwa mwendo wako wa kawaida mpaka majani yalowe yote lakini kabla hayajaanza kutiririsha, kisha pima yaliyopungua. Mimea mikubwa ya nyanya inaweza kumeza lita 5 hadi 8 kwa eneo hilo. Miche hutaka lita chache kuliko hizo.

## Jaribio la majani kabla ya shamba zima

Kila dawa mpya, kila zao jipya na kila kundi jipya la malighafi lijaribiwe. Kiwango cha kemikali katika mmea hubadilika kwa msimu, umri wa jani na udongo, kwa hiyo kipimo kilichofaa mwezi uliopita si dhamana. Pulizia mimea 5 jioni. Angalia baada ya saa 24 na tena baada ya saa 48. Kingo zilizokauka, madoa mapya ya rangi ya shaba mahali matone yalipokusanyika, au maua yaliyodondoka ni ishara ya kupunguza dawa nusu na kujaribu upya. Matango, maboga na miche michanga huungua upesi kuliko mazao mengine.

Watu huiruka hatua hii kwa sababu ugonjwa unaonekana kuwa wa haraka. Siku mbili za kusubiri ni nafuu kuliko shamba lililobabuka, na jeraha la kuungua ni mlango mpya wa ukungu.

## Kupulizia

Mbegu nyingi za ukungu zinahitaji jani kulowa kwa saa kadhaa ndipo zichipue; ubwiri unga ni tofauti, kwani unyevu wa hewa huutosha. Panga kupulizia kabla ya kipindi cha unyevu na si baada yake. Wakati mzuri ni jioni, jua likiwa limelegea: miale haitaharibu dawa mara moja, nyuki wamepungua shambani, na jani bado lina muda wa kukauka kabla ya umande. Usipulizie usiku wa manane ukidhani unakwepa jua, maana utakuwa unaongeza maji kwenye jani wakati ukungu unayatafuta.

Anza chini ya jani. Geuza nozeli itazame juu, pita chini ya mmea, kisha malizia juu. Njia rahisi ya kujipima ni kubana vipande vya karatasi nyeupe chini ya majani kumi sehemu mbalimbali kabla ya kupita. Baadaye vikusanye: karatasi iwe na matone madogo yaliyosambaa. Vilivyobaki vikavu vinakuonyesha ugonjwa utaanzia wapi.

Tikisa bomba kila baada ya dakika chache. Rudia kila siku 5 hadi 7 wakati wa mvua na kila siku 7 hadi 10 wakati wa kiangazi. Mvua ya milimita 10 au zaidi ikinyesha baada ya kupulizia, hesabu kwamba dawa imeondoka, urudie majani yakikauka. Vaa glavu, miwani na barakoa; eujenoli na alisini huwasha macho na koo, asili yake iwe mmea au kiwanda. Mboga za kuliwa mbichi ziache siku 3 angalau, kisha zioshe vizuri. Usitumie kwenye mboga hizo dawa iliyovundikwa kwa siku nyingi, kwa kuwa ndoo yenye majani yanayooza inaweza kukuza bakteria wanaodhuru watu.

Nozeli ikiziba, usiipulize kwa mdomo. Ioshe kwa maji na uisugue kwa mswaki laini. Kuziba kila mara kunamaanisha uchujaji haukutosha; pitisha dawa kwenye kitambaa kizito zaidi, uilaze dakika 20, kisha umimine taratibu ukiacha machicha chini.

## Miche na udongo

Kinyausi, kile kinachokata miche shingoni karibu na ardhi, ni ugonjwa ambao kuzuia kwa dawa pekee hakutoshi. Chanzo huwa maji mengi, mbegu zilizobanana na udongo usiopitisha hewa. Rekebisha hayo, kisha nyunyizia kitalu dawa ya kitunguu saumu ya asilimia 1 mara miche inapochomoza na tena baada ya siku 5. Mbegu za nyanya na kabichi zinazoshukiwa kubeba ugonjwa hutibiwa kwa maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25, zikipozwa mara moja kwenye maji baridi na kuanikwa. Tumia kipimajoto: nyuzi chache zaidi huua kiini, chache pungufu huacha ugonjwa.

Kwa udongo mchafu, kumwagia dawa za majani ni hasara, kwa kuwa chembe za udongo na mboji hunyonya kemikali kabla hazijafika mbali. Haradali hutoa njia bora. Mimea yake ina glukosinoleti, na seli zikipondwa kimeng'enya huzigeuza kuwa gesi kali ya isothiosayaneti. Kata haradali inapoanza kutoa maua, ikatekate iwe midogo iwezekanavyo, fukia kilo 3 hadi 5 kwa mita moja ya mraba ndani ya dakika chache, mwagilia na funika kwa plastiki wiki 2 hadi 3. Ukikata leo na kufukia kesho, gesi imeshapotea hewani. Ukifunua, subiri wiki 1 hadi 2, kisha otesha mbegu chache za zao linalochipua haraka. Zikiota vizuri, pandikiza.

## Baada ya mavuno

Mivuke ya mdalasini, timoli na karafuu huzuia ukungu kwenye matunda yaliyohifadhiwa, na ute wa mshubiri uliopakwa kwenye ganda hupunguza upotevu wa maji na kuchelewesha kuoza. Harufu huingia kwenye tunda, basi jaribu machache kwanza.

Nafaka na karanga ni suala jingine, na hapa tunasema kwa msisitizo wote: usijaribu kuokoa mahindi au karanga zilizokwisha kuota ukungu kwa dawa yoyote ya mimea. Aspergillus flavus hutoa aflatoksini, sumu inayoharibu ini na kusababisha saratani. Kuua ukungu hakuondoi sumu, na joto la kupikia nyumbani haliimalizi. Kinga ni kukausha: mahindi yafike unyevu wa asilimia 13 au chini yake, karanga asilimia 7 hadi 8, kisha hifadhi pakavu.

## Kupima kama dawa inafanya kazi kweli

Gawa sehemu ya shamba katika vipande vitatu vyenye mimea 10 kila kimoja, na rudia mpango huo mahali pengine mara tatu. Kipande cha kwanza pulizia dawa. Cha pili maji na sabuni tu. Cha tatu usiguse. Kipande cha sabuni ndicho kinachosahaulika, na bila hicho huwezi kujua kama ubwiri unga ulipungua kwa sababu ya mmea wako au kwa sababu sabuni iliuosha. Kila wiki kagua majani 10 ya kila kipande, ukikadiria asilimia ya eneo lililougua.

Mwenye vifaa vya maabara anaweza kwenda mbali zaidi. Chemsha gramu 200 za viazi, chukua maji yake, ongeza gramu 20 za glukosi na gramu 15 za agari, fikisha lita 1, safisha kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15. Dawa iliyochujwa bila vijidudu huingizwa agari ikishapoa hadi nyuzi 45 au 50, kabla haijaganda. Ukiiingiza kabla ya kuchemsha utakuwa umeipika. Weka kipande cha ukungu katikati ya sahani, kimoja chenye dawa na kimoja kisicho nayo. Duara la kisicho na dawa likifika milimita 80 na la chenye dawa likiwa milimita 20, kizuizi ni (80 − 20) ÷ 80 × 100, yaani asilimia 75. Usitarajie asilimia hiyo shambani. Ndani ya sahani hakuna jua, mvua wala upepo, na ukungu umezungukwa na dawa pande zote.

Weka pia kikomo chako kabla msimu haujaanza. Kwa ubwiri unga na bakajani tangulia, dawa ya mimea inaweza kubeba msimu mzima pamoja na kuondoa majani ya chini, kupanua nafasi na kumwagilia kwenye udongo badala ya juu ya majani. Kwa bakajani chelewa, madoa yakionekana kwenye mimea kadhaa huku hali ya hewa ikiwa ya baridi na mvua mfululizo, usiendelee kuongeza makali ya kitunguu saumu. Ng'oa iliyougua, itoe shambani ndani ya mfuko uliofungwa, na uhamie siku hiyohiyo kwenye dawa ya shaba iliyosajiliwa kwa zao lako, ukifuata kipimo na siku za kungoja zilizoandikwa kwenye lebo.